Mgongoni mwa Saa Tisa

Mliniacha nimekaa juu ya kinanda katikati ya barabara ya Cupar, mvua inaninyeshea, na gari letu limelala mtaroni kama ng'ombe aliyegoma kukamuliwa.

Kwa ambaye gazeti la wiki jana lilifungiwa chipsi kabla hajalisoma: mimi ni Ishbel Geddes, binti wa mzee wa kanisa. Baba aliponikuta naupiga muziki wetu kwenye kinanda cha kanisa, alikitia kufuli, na ufunguo akautia mfukoni mwa suti yake ya Jumapili. Tuko watatu. Mimi napiga kinanda cha umeme. Mchumba wangu, Dod Imrie, anaimba na kupiga gitaa la besi. Rab Beveridge anapiga ngoma. Bendi yetu inaitwa Haar, jina la ule ukungu unaotoka baharini kwetu Fife, kaskazini ng'ambo ya mpaka wa Waingereza, na kuumeza mji mchana kweupe. Watu husema jina linatufaa, kwa sababu nyimbo zetu zikishaingia haijulikani zitatoka lini.

Basi, mvua inaninyeshea.

Waliotutoa mtaroni ni wachimba makaa, kundi zima, wakitoka kulinda lango la bandari ya Methil ili makaa yasipite. Februari ile ya mwaka 1972 Fife yote ilikuwa kwenye mgomo. Wao ndio waliosababisha umeme wa nchi ukatwe kwa zamu, na bendi yetu bila umeme ni watu watatu wanaotazamana. Lakini walilisukuma gari letu huku wakiimba, na Rab akasukuma nao, maana yeye mwenyewe ni mchimba makaa na alikuwa kwenye mgomo kama wao.

"Mnakwenda wapi na jeneza hili?" mmoja akauliza, akikipiga kofi kinanda changu.

"Kwenu," Rab akajibu. "Ukumbi wa Pitkerran. Leo tunawapigia muziki."

"Wa kucheza?"

Rab akanitazama kwa pembe ya jicho. "Inategemea una miguu mingapi."

Siku hiyo haikuwa siku ya utani. Mtu wa kampuni ya santuri ya London alikuwa anakuja kutusikiliza. Akitupenda, Rab hashuki tena shimoni. Dod anaacha kiwanda cha linoliamu cha Kirkcaldy, kile kinachotengeneza mikeka ya sakafu na kuufanya mji mzima unuke mafuta ya kitani. Na mimi napata mahali pa kuweka vidole vyangu, kwani kanisani palikuwa na kufuli. Asipotupenda, tulikwisha kubaliana: Haar inazikwa hapo hapo Pitkerran, na kila mtu anarudi kwao.

"Umemwambia aje saa ngapi?" nikamuuliza Dod garini.

"Tunaanza mgongoni mwa saa tisa."

"Umemwambia hivyo hivyo?"

"Ulitaka nimwambie kwa Kilatini?"

Kwetu mgongo wa saa ni pale saa inapokwisha kupita na kukupa kisogo. Mgongoni mwa saa tisa ni saa tisa na dakika zake chache. Mtoto wa Fife hulijua hilo kabla hajajua kufunga viatu. Haikutupitia akilini kwamba wako watu duniani wanaoiona saa ingali inakuja, na mgongo wake wakadhani ndio huu wa upande wa huku, kabla haijafika.

Tukafika Pitkerran mapema mno. Dod na Rab wakabaki kushusha vyombo. Mimi mikono ilikuwa imekufa ganzi, nikakimbilia jikoni nyuma ya ukumbi, ambako wanawake walikuwa wanapika supu ya familia za waliogoma. Mkuu wa jiko alikuwa Nan Beveridge, mama yake Rab.

"Kuku wangu, vidole vimekuwa vya buluu," akasema. "Njoo karibu na moto."

Msishangae. Kwetu mwanamke yeyote, mkubwa kwa mdogo, huitwa kuku, na ni neno la mapenzi. Nimeitwa kuku na dereva wa basi, na daktari, na mwanamke aliyekuwa ananipiga kofi.

Pembeni mwa jiko, kati ya magunia ya viazi, palikuwa na kinanda cha kukanyaga, kile cha watoto wa shule ya Jumapili. Hakina umeme. Unakanyaga, kinavuta pumzi, kinaimba kama mzee mwenye pumu.

"Usikae bure," akasema Mama Rab. "Piga kitu. Viazi vinachosha vikimenywa kimya."

Nikapiga kipande cha katikati cha wimbo wetu mrefu, Maji ya Chini. Ni sehemu ya polepole, haina maneno, inahusu watu waliofunikwa na maji shimoni. Sijui wale wanawake walijuaje, maana sikuwaambia. Mmoja alianza kuguna sauti ya chini, mwingine akamfuata, visu vikasimama, na jiko lote likawa linaguna pamoja nami. Nikasahau baridi. Nikasahau na London.

Nyuma yangu mlango wa uani ukafunguka. Baridi ikanipiga shingoni.

"Kuku, usiache, maliza," akasema Mama Rab. "Na wewe hapo mlangoni, ingia au toka."

Mlango ukafungwa. Sikugeuka. Ningegeuka, leo msingekuwa mnasoma haya.

Nilipoingia ukumbini vidole vikiwa vimepata damu, nilimwona. Amesimama nyuma kabisa, koti la ngozi ya kondoo, viatu safi. Pitkerran nzima hakuna mtu mwenye viatu safi wakati wa mgomo. Moyo ukapiga mapigo saba kwa mara moja.

"Karibu," nikasema. "Umewahi."

"Barabara ilikuwa tupu."

"Nikueleze kidogo kabla hatujaanza. Wimbo wenyewe ni mmoja."

"Mmoja tu?"

"Ni mrefu."

"Kiasi gani?"

"Nusu saa. Kasoro kidogo."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayepewa habari za mgonjwa. Hapo nikafunguka. Nikamwambia kwa nini mdundo wetu una mapigo saba na si manne kama ya wenzetu: babu yangu alitoka shimoni na mguu mmoja mbovu, na nikiwa mdogo nilikuwa namsikia kwenye ngazi, anapiga, anapiga, anavuta. Mbili, mbili, tatu: ndivyo alivyotembea, kwa saba. Nikamwambia kwamba Dod anaimba kama mtu anayekataa kufa, na kwamba Rab ana mikono ambayo si haki kuirudisha kwenye sululu. Yule bwana alisikiliza. Tangu nizaliwe hakuna mwanamume aliyenisikiliza namna ile.

"Kwa hiyo ninachokuomba," nikamalizia, "mkituchukua, mtuchukue watatu. Sisi hatuuzwi kwa rejareja."

"Binti," akasema kwa upole, na ndipo masikio yangu yalipofunguka nikasikia kwamba lafudhi ile haijawahi kuiona London hata kwenye picha, "mimi nimeleta pai. Nilikuwa nataka kuuliza niziweke wapi."

Nilitamani sakafu inimeze, lakini sakafu ya Pitkerran ilikuwa imeshachoka kumeza watu.

Dod akaingia kupitia mlango wa mbele. Nywele zimelowa, uso mweupe kama unga.

"Umemwona Mwingereza?" nikamkimbilia.

"Hakuja."

"Hakuja au hajaja? Saa tisa yenyewe haijafika."

Akainama kufunga kamba ya kiatu. Kiatu chenyewe kilikuwa kimefungwa.

"Hatakuja, Ishbel. Unawajua Waingereza."

"Siwajui. Sijawahi kukutana nao."

"Basi umebahatika."

Rab akasikia. Alikuwa anakaza ngozi ya ngoma, akaacha. "Kwa hiyo ndiyo basi?"

"Ndiyo basi," akasema Dod.

Rab akaitazama mikono yake. Halafu akaendelea kukaza. "Tupige hata hivyo. Watu hawa wametusukumia gari."

Lakini hakuna anayepiga lolote Pitkerran kabla ya bingo, ule mchezo wa kubahatisha namba. Katibu wa ukumbi, Archie Mutch, ambaye tai yake ilikuwa na umri wa kupiga kura, alitangaza kwamba bingo kwanza, wageni baadaye. Bingo ikaita namba zake mpaka saa tisa ikatupa mgongo, na saa kumi nayo ikatupa mgongo. Mimi jicho liko mlangoni. Dod jicho lake lilikuwa kila mahali isipokuwa mlangoni, na hilo nililiona, nikalipuuza. Mapenzi yana kengeza.

Tukapanda jukwaani.

Mwanzoni watu walikaa kama wanasomewa hukumu. Wanandoa wawili wakainuka kucheza, wakagongana magoti, wakakaa. Mwanamume mmoja akauliza kwa sauti kama ngoma imeharibika. Rab akazidi kupiga. Dod akaimba ameyafumba macho, na sijawahi kumsikia akiimba vile. Aliimba kama mtu anayeomba msamaha kwa lugha ambayo msamehevu haijui.

Halafu mzee mmoja mwenye fimbo na mguu mkavu akasimama. Akaingia katikati ya ukumbi peke yake. Anapiga, anapiga, anavuta. Ukumbi mzima ndiye pekee aliyeuweza mdundo ule, na aliuweza kama aliyezaliwa nao. Watu wakaanza kupiga makofi kufuata mguu wake. Makofi yakashika. Saba. Saba. Saba. Nikahisi kinanda kinapaa.

Tulikuwa tunaikaribia sehemu ya katikati, ile ya maji, wakati Archie Mutch alipopanda jukwaani, akamsogeza Dod kwa bega, akashika maikrofoni.

"Samahani, mabibi na mabwana," akasema. "Pai zimepashwa, ziko moto."

Ukumbi wote ukainuka. Yule mzee wa fimbo alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Kwetu hajazaliwa mwanamuziki wa kushindana na pai ya moto, na wakati wa mgomo hata malaika Gabrieli angengoja na tarumbeta yake mkononi.

"Mtamalizia baadaye," Archie akatuambia, "kama bado mtakumbuka mlipofikia. Ila msichelewe. Umeme unakatwa saa kumi na moja."

Nikaenda kwenye foleni. Siyo kwa njaa, bali kwa kukosa pa kuweka mwili wangu. Nyuma ya meza alikuwa Mama Rab na kijiko chake kikubwa cha njegere.

"Sasa, kuku wangu, unakwenda?"

"Nakwenda wapi?"

"London."

Nikacheka. "Na nani, Mama? Mtu mwenyewe hakuja."

Kijiko kikabaki hewani.

"Hakuja nani? Si yule aliyesimama mlangoni kwangu ukipiga kinanda? Mrefu, shingo kama bata, amevaa skafu ya hariri. Nilimwambia ingia au toka, akatoka. Nikaenda kumwaga maganda ya viazi, nikamkuta uani anaongea na Dod."

Nikashika meza.

"Wanaongea nini?"

"Mimi sisikilizi maneno ya watu."

"Mama Rab."

"Nilisikia tu. Alisema alikuja kusikiliza bendi, lakini bendi za London zimejaa mpaka zinatapika. Akasema amesikia msichana mmoja jikoni, peke yake, na kile kinanda cha pumu, na nywele zimemsimama. Akamwambia Dod, nitafutie yule msichana anayeitwa Kuku."

"Anayeitwa nani?"

"Kuku. Si alinisikia nakuita? Maskini akadhani ndilo jina ulilobatizwa nalo." Akaanza kucheka, akaniona usoni, akaacha. "Akasema Bi Kuku akitaka, amkute Kirkcaldy kwenye treni ya London, mgongoni mwa saa kumi na moja, neno aliloliokota kwa Dod. Tiketi yuko nayo. Akakaa pale mvuani anangoja jibu."

"Dod akamjibu nini?"

Mama Rab akanimwagia njegere sahanini. Nyingi mno. Zikamwagika.

"Akamwambia hapa hakuna mtu anayeitwa hivyo."

Foleni ikaanza kunung'unika nyuma yangu. Mama Rab akashusha sauti.

"Nilidhani mmekwisha zungumza, mwanangu. Nilidhani ni jambo lenu la ndani. Nisikilize. Mimi nina mtoto kwenye bendi ile. Ukiondoka, anarudi shimoni alikozikwa baba yake. Kwa hiyo usiniulize mimi la kufanya, maana nitakudanganya."

Niliondoka pale na sahani mkononi. Sijui niliiweka wapi. Mpaka leo huenda ipo.

Kwenye mlango wa mbele, yule bwana wa pai alikuwa anakusanya masinia matupu.

"Unaelekea wapi ukitoka hapa?" nikamuuliza.

"Kirkcaldy. Duka letu liko mkabala na stesheni." Akanitazama. "Ule wimbo wenu, binti. Ninyi mlichofanyiwa si haki. Ningejua, ningezichelewesha."

"Una nafasi garini?"

"Masinia hayana kelele. Ila naondoka sasa hivi, kabla taa hazijazimwa."

Kupanda tena jukwaani kulikuwa kama kupanda ngazi za babu yangu kwa mguu wake. Koti langu lilikuwa limetundikwa kwenye ncha ya kinanda cha umeme. Rab yuko kwenye ngoma, mdomo umejaa pai, ana furaha.

"Mmeuona ule mguu wa mzee?" akasema. "Mmeyasikia makofi yale? Nawaambieni, London ikajitie baharini. Tukipata ukumbi mwingine mmoja kama huu, mimi sikubali bendi ife. Sikubali."

Dod alikuwa ananyoosha nyuzi zisizohitaji kunyooshwa. Nikamsogelea mpaka nikasikia harufu ya kiwanda kwenye sweta lake.

"Dod," nikasema taratibu, ili Rab asisikie. "Nina swali la mtoto mdogo."

"Uliza."

"Kwenu, mgongoni mwa saa kumi na moja ni kabla au baada?"

Mkono ukasimama kwenye uzi.

Hakuniuliza kwa nini. Mtu asiye na kosa angeuliza.

"Alimtaka Kuku," akasema hatimaye, akiutazama uzi. "Sikumwambia uongo. Hapa hakuna mtu wa jina hilo."

"Yupo kila nyumba, Dod. Hata mama yako."

"Alisema sisi wawili ni mizigo. Alisema hivyo usoni kwangu, Ishbel, akitabasamu. Ulitaka nije nikwambie mbele ya Rab?"

"Nilitaka uje uniambie."

"Mnanong'ona nini hapo?" Rab akaita. "Mbona mmekaa kama mko matangani? Tunaanzia kwenye maji. Haya." Akainua vijiti juu, akaanza kuvigonganisha. "Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba..."

Taa zikazimika.

Mapema kuliko walivyotangaza. Kinanda changu kikatoa mlio wa mtu anayelala, kikafa. Gitaa la Dod likafa. Na ukumbi wa Pitkerran, wanaume kwa wanawake, ukalipuka kwa shangwe, kwa sababu kila taa inayozimika ilikuwa ushindi wao. Walikanyaga sakafu, walipiga vigelegele, mtu akaanza wimbo wa chama chao. Mishumaa ikaanza kuwaka kwenye meza, mmoja mmoja.

Rab hakuacha. Ngoma haina waya. Alipiga saba zake gizani, na makofi yakamrudia.

"Ishbel," akapaza sauti akicheka. "Kile kinanda cha mama, cha jikoni. Hakihitaji umeme wa mtu. Jamani, nani ana mgongo mzima? Nendeni mkakilete."

Nikawasikia wakikimbia. Nikausikia mlango wa jikoni ukipigwa, na Mama Rab akisema, taratibu, taratibu, kina umri huo. Wanaume wanne wakatokea kwenye mwanga wa mishumaa, wamekibeba mabegani kama wanavyobeba mwenzao aliyepatikana akiwa hai, na watu wakawapisha njia.

Upande wa pili, mlango wa mbele ulikuwa wazi. Bwana wa pai amesimama pale na masinia yake, anatikisa funguo.

"Binti," akaita. "Naondoka."

Nilishika koti langu. Dod alikuwa karibu nami gizani, nasikia anavyopumua. Nilingoja aniombe nibaki. Kama angeniomba, nadhani ningejua la kufanya, na huenda ningelifanya kinyume chake.

"Baada," akasema.

"Nini?"

"Mgongoni mwa saa ni baada, Ishbel. Treni bado haijapita."

Kinanda kikatuliwa mbele yangu, kikavuta pumzi chenyewe kwa kule kutikiswa. Rab akapiga saba, akangoja. Nikaingiza mkono mmoja kwenye koti. Mkono wa pili ulikuwa tayari umegusa kinanda.